Mbuzi Akisha Kuzaa: Kazi Inayoendelea Ndani ya Mfuko wa Uzazi



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulitazami. Mbuzi akikaribia kuzaa tunamkagua asubuhi na jioni. Akizaa, macho yote yanahamia kwa watoto: ni wangapi, majike au madume, wamesimama, wamenyonya. Mama mwenyewe tunamwacha, tukidhani kazi yake imekwisha. Kumbe ndani ya tumbo lake kuna kazi nyingine ambayo ndiyo kwanza inaanza, nayo huchukua kama mwezi mmoja.

Sababu ya kuandika haya ni mzee mmoja wa Buganguzi, wilaya ya Muleba. Ilikuwa wakati wa mvua za vuli, nami nilikuwa napita kwenye vibanja kutazama mabanda. Nikamkuta kando ya njia, amemfunga mbuzi jike kwenye mti, watoto wawili wanachezacheza hapo hapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bwana Mifugo. Umechelewa, waitu. Huyu namngojea mchuuzi, tumekwisha patana."

"Ana nini?"

"Anaoza ndani. Leo siku ya kumi tangu azae, na bado uchafu unamtoka. Tazama mkia ule."

Nikatazama. Kweli mkia ulikuwa na madoa yaliyokauka, na chini yake ulining'inia ute wa rangi ya kahawa iliyokolea. Mchuuzi alikuwa amemtajia mzee nusu ya bei ya mbuzi mzima, na mzee amekubali, maana nusu ni bora kuliko mzoga. Basi nikainama, nikanusa. Hakuna uvundo, ni harufu ya damu tu. Nikampima joto: 39.1. Mbuzi alikuwa anacheua taratibu, na watoto wake matumbo yamejaa kama ngoma.

Nikamwambia, "Mzee, mbuzi wako ni mzima kabisa." Akacheka. Alidhani nafanya mzaha.

Sasa, ndugu mfugaji, ili uone kwa nini sikuwa nafanya mzaha, inabidi tuingie ndani ya mfuko wenyewe.

Mfuko wa uzazi, ambao wengine huuita kizazi au mji wa mimba, una pembe mbili zilizojikunja mfano wa pembe za kondoo dume. Mbuzi asipokuwa na mimba mfuko huu ni mdogo. Mimi huwa naukuta machinjioni ninapokagua nyama, na unaenea kwenye kiganja changu. Mimba ikiingia hukua kwa muda wa miezi mitano, yaani siku 150 hivi, mpaka ujaze sehemu kubwa ya tumbo. Ndani mna mtoto mmoja, wawili, pengine watatu, pamoja na maji yao na zalio lao. Halafu siku moja, kwa muda wa saa chache tu, mzigo wote huo unatoka. Je, lile gunia kubwa lililobaki linakwenda wapi?

Haliendi popote. Linanywea.

Utungu hauishi mtoto anapotoka. Nyama ya mfuko inaendelea kujikaza na kulegea, kujikaza na kulegea, na nguvu hiyo ndiyo inayolisukuma zalio nje. Hata zalio likishatoka mfuko hauachi kujikaza kwa siku kadhaa. Siku saba za mwanzo ndizo za mbio: mfuko unapungua upesi sana, kisha mwendo unakuwa wa polepole.

Hapa mtoto anamsaidia mama yake. Anapochukua chuchu na kunyonya, habari hupanda mpaka kwenye ubongo wa mama, na ubongo humimina katika damu dawa ya asili iitwayo oksitosini. Dawa hiyo inashusha maziwa, na papo hapo inaukaza mfuko wa uzazi. Kwa hiyo tunapokuhimiza umnyonyeshe mtoto dang'a katika saa ya kwanza, si kwa ajili ya mtoto peke yake. Wapo wafugaji wanaokamua dang'a na kuimwaga chini, eti ni maziwa mabaya. Hao wanamnyima mtoto kinga, na mama wanamnyima msaada wa kujisafisha.

Tuje kwenye vikombe, maana hapa ndipo penye jibu la yule mzee. Zalio la mbuzi halikubandikwa kwenye ukuta wa mfuko lote kwa pamoja kama karatasi kwenye bahasha. Limeshikwa mahali pengi, makumi kwa makumi, kama shati lenye vifungo vingi. Kwa ng'ombe vifungo hivyo vimetokeza kama uyoga. Kwa mbuzi vimebonyea katikati mfano wa kikombe kidogo cha kahawa, na nyama ya zalio imejichomeka ndani ya kikombe. Chakula na hewa ya mtoto hupita hapo kutoka kwenye damu ya mama, ingawa damu zenyewe hazichanganyiki.

Mtoto akishazaliwa, vikombe hulegea na kuliachia zalio. Lakini vyenyewe vinabaki ukutani, vikubwa, havina kazi tena. Mwili wa mbuzi hufanya nini? Huviua juu juu. Mishipa ya damu inajibana, ngozi ya juu ya kila kikombe inakufa kama kigaga cha kidonda, kisha inameng'enyuka. Katika juma la kwanza na la pili vipande hivyo vinatoka kidogo kidogo pamoja na damu ya zamani na ute. Huo ndio uchafu wa rangi ya kahawa aliouona mzee siku ya kumi. Si kuoza, ni kufagia nyumba.

Niliwahi kukagua jike aliyechinjwa majuma mawili tu baada ya kuzaa. Mwenyewe alisema alivunjika mguu. Nilipoupasua mfuko niliona ndani vikombe vimesinyaa, vingine vimeshapoteza kigaga na chini yake ni pekundu kama goti la mtoto aliyeanguka. Ngozi mpya hukua kutoka pembeni kuelekea katikati mpaka ikutane, na ndani huwa pamefunikwa pote ifikapo siku ya 28 hivi. Kwa hiyo katika juma la tatu, ukiutazama mfuko kwa nje utasema umekwisha rudi, na ndani bado kuna vidonda vinavyofunga. Neno hili lishike, tutalihitaji tukifika kwa beberu.

Wakati wa kuzaa mlango wa kizazi umefunguka, na vijidudu huingia. Huingia kwa karibu kila mbuzi, hata aliyezalia mahali pazuri. Mbuzi mwenye afya anavishinda, kwa kuwa uchafu unatoka badala ya kutuama, na chembe nyeupe za damu zinavila vijidudu. Mlango nao hujifunga upesi katika siku chache. Lakini kama sakafu ni matope na mkojo, kama uzazi ulikuwa mgumu na mikono ya watu imeingia na kutoka, kama mama alizaa akiwa mifupa mitupu, au kama kipande cha zalio kimebaki, basi vijidudu hushinda. Hapo tena si kufagia nyumba. Hapo ni kuoza kweli.

Utatofautishaje? Pua yako ndiyo kipimo cha kwanza. Uchafu wa kawaida huanza mwekundu wa damu, kisha unakuwa wa rangi ya kahawa, kisha unafifia na kuwa ute mwepesi, na kwa kawaida umekwisha katika majuma mawili au matatu. Hauna uvundo. Uchafu wa ugonjwa unanuka hata ukiwa umesimama mlangoni, mara nyingi ni wa majimaji wenye rangi ya kijivu au nyekundu iliyochafuka, au ni usaha. Kipimo cha pili ni mbuzi mwenyewe. Mbuzi mzima anakula, anacheua, anawaita watoto. Mgonjwa anainamisha kichwa, anasaga meno, anakakamua kama anataka kujisaidia, maziwa yanapungua ghafula na watoto wanalia njaa. Cha tatu ni kipimajoto, kile kile cha watu, ila ukishakitumia kwa mbuzi kibaki cha mbuzi. Joto la kawaida ni 38.5 hadi 39.5. Kwenye jua kali huweza kusogea kidogo juu ya hapo. Likipita 40 siku za baada ya kuzaa, na uvundo upo, usingoje kesho.

Tuzungumze sasa juu ya zalio, maana taabu nyingi huanzia hapo. Kwa mbuzi wengi zalio hutoka katika muda wa saa nne baada ya mtoto wa mwisho. Likipita saa 12 bado linaning'inia, hesabu kwamba limekwama. Angalia mambo mawili kabla ya kuhangaika. Kwanza, mbuzi huweza kulila zalio lake usiku, nawe asubuhi ukaliulizia bure. Pili, akizaa mapacha huweza kuwa na mazalio mawili, hivyo kuona moja chini si ushahidi kwamba kumetakata. Na kama bado anakakamua sana, papasa tumbo mbele ya kiwele kwa viganja, ulinyanyue kidogo. Pengine yumo mtoto mwingine.

Likikwama, usilivute. Narudia: usilivute. Wala usifunge jiwe, wala kandambili kuukuu, ili uzito ulishushe. Kumbuka vile vikombe. Zalio limeshikwa mahali makumi kwa makumi. Ukivuta, linakatika hapa na kubaki kule, au unanyofoa kikombe na damu inabubujika, au unautoa mfuko mzima nje.

Najua utaniuliza nimeyaona wapi. Nimeyafanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nimetoka chuo juzi juzi na koti langu jeupe, mama mmoja wa huko huko Muleba, rika la mama yangu mzazi, aliniita mbuzi wake ana zalio tangu jana. Nilifundishwa vizuri, lakini watu walikuwa wamekusanyika, nami niliona haya kusema tungoje. Nikavaa nailoni mkononi, nikavuta. Likatoka pande kubwa, watu wakafurahi, mama akanipa ndizi za kwenda nazo nyumbani. Siku ya nne akanitumia mtoto mbio. Mbuzi alikuwa amelala, joto 41 na nusu, uvundo umejaa banda. Nilichoma sindano, lakini siku ya sita akafa. Mbuzi yule ndiye aliyekuwa akitegemewa kwa sare na madaftari ya mjukuu. Watoto wake wawili tuliwalea kwa chupa na maziwa ya ng'ombe wa jirani, alipona mmoja. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana Mifugo, wewe ndiye uliyesoma." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Basi fanya hivi. Ikiwa zalio linaburuta chini, lipige fundo lenyewe likae juu ya visigino vya nyuma, lisikanyagwe. Waache watoto wanyonye kila wanapotaka. Safisha sehemu za nyuma kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nje tu, usiingize kitu. Toa nyasi zenye unyevu, weka kavu. Nyasi za rweya zilizokauka zinatosha. Na siku hiyo hiyo mwite mganga wa mifugo. Yeye anaweza kuchoma sindano ya kuukaza mfuko kama siku bado ni chache, na dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo kinacholingana na uzito. Kununua chupa dukani na kukisia mwenyewe ni hasara: kipimo kikiwa kidogo vijidudu vinazoea dawa. Muulize pia ni siku ngapi maziwa na nyama visiliwe na watu, ushike jibu lake. Juu ya miti shamba ya kunywesha sitabishana na wazee leo. Lakini majani, majivu au kitu chochote cha kusukumiwa ukeni, hilo nakataa kabisa.

Kuna jambo moja la hatari ambalo watu hulidhania kuwa zalio. Ukiona fuko jekundu limetoka nyuma, kubwa kama embe au zaidi, lina vikombe vikombe juu yake, huo ni mfuko wa uzazi wenyewe umegeuka nje. Ukiukata, umemwua. Uoshe kwa maji safi ya baridi, unyunyizie sukari ya kawaida ili uvimbe upungue, uufunike kwa kitambaa safi chenye maji, msimamishe mbuzi mahali ambapo nyuma kuna mwinuko, na mwite mganga akimbie.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mara akisha kuzaa mpe maji ya uvuguvugu. Amepoteza maji mengi. Huku kwetu hatuna upungufu wa kumlisha: maganda ya ndizi, majani ya viazi vitamu, mabingobingo, pumba kidogo, na chumvi ya kulamba. Maganda matupu kila siku hayatoshi, yachanganye na majani mabichi. Mbuzi aliyezaa na mwili mzuri, mfuko wake unarudi upesi. Aliyezaa amekonda anachelewa kwa kila kitu.

Sasa naomba akina mama wasikilize hapa. Zamani katika nyumba za msonge mbuzi walilala ndani na watu, na hata leo wengi tunawalaza jikoni. Zalio, maji ya uzazi na ule uchafu vinaweza kubeba magonjwa ya kuwapata watu, hasa mbuzi akiwa ametupa mimba. Upo ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa mtu huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho na maumivu ya viungo kwa miezi, watu wakidhani ni malaria isiyosikia dawa. Ipo pia homa ya bonde la ufa: iliposhika nchi yetu mwaka 2006 na 2007, mifugo ilitupa mimba kwa wingi, na watu zaidi ya 100 walikufa. Kwa hiyo mama mjamzito asimzalishe mbuzi wala asishike zalio. Mwingine anayelishika avae glovu au mfuko wa nailoni usiotoboka, anawe kwa sabuni hadi kwenye kiwiko. Lizikwe kibanjani katika shimo la futi tatu, mbali na kisima, mbwa wasilifukue. Maziwa yachemshwe mpaka yatokote. Na mbuzi wawili watatu wakitupa mimba kwa kufuatana, usiwafiche kwa kuogopa majirani. Toa habari kwa ofisi ya mifugo siku hiyo.

Nilisema tutafika kwa beberu. Mbuzi wetu wa kienyeji hawana msimu mmoja wa kupandwa. Wanaingia joto mwaka mzima, na jike asiyeshika mimba hurudia joto kila baada ya siku 21 hivi. Anayenyonyesha huchelewa, lakini aliyefiwa na watoto huweza kuingia joto mapema. Beberu hajui habari za vikombe na ngozi mpya. Kama mnalala naye banda moja atapanda mara apatapo nafasi, na jike aliyepandwa mfuko haujapona hashiki mimba, au akishika, anawabeba watoto tumboni huku anawanyonyesha wengine, akakonda akabaki ubao. Mtenge beberu. Miezi mitatu inatosha kwa mama mwenye mwili mzuri: mfuko umepona tangu mwezi wa kwanza, na watoto wanakaribia kuachishwa. Hesabu ni rahisi. Miezi mitatu ya kupumzika na mitano ya mimba ni minane, na katika miaka miwili jike anazaa mara tatu. Aliyekonda mwongezee muda, hesabu isikutie tamaa.

Yule mzee nilimweleza haya yote tumekaa kwenye gogo, ingawa kwa maneno machache kuliko nilivyokueleza wewe. Aliuliza maswali mengi ya maana, na moja lilinishinda kujibu bila kucheka: kwa nini basi mchuuzi, anayeshika mbuzi kila siku, hakujua kwamba mbuzi ni mzima? Nikamwambia pengine alijua.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaenda kufungua kamba. Mchuuzi alipofika na baiskeli yake mbuzi alikuwa amekwisha rudishwa bandani, wakabishana kidogo, akaondoka. Mzee akachukua kaa jikoni, akachora kwenye nguzo ya banda mistari kumi kwa siku zilizopita. Akaniuliza beberu amlete kwenye mstari wa ngapi. Nikamwambia wa tisini. Akasema nguzo haitoshi, ataendelea kwenye mlango.